Mchagua Mbegu Ndiye Mkulima

Kila msimu wa pamba unapokwenda kombo Usukumani, mshtakiwa huwa ni mmoja. Mkulima hakupanda kwa mistari. Mkulima hakuzingatia nafasi ya sentimita 60 kwa 30. Mkulima alichelewa kupalilia, alinyunyiza dawa ovyo, hakung'oa masalia kwa wakati. Mashtaka haya husomwa katika mikutano ya hadhara, hurudiwa katika taarifa za ofisi, kisha huchapwa kana kwamba ni matokeo ya utafiti. Na mkulima akithubutu kuuliza habari za mbegu aliyopimiwa, hunyamazishwa kwa methali: mchagua jembe si mkulima.

Makala haya yanaipinga methali hiyo, walau pale inapotumiwa kumziba mtu mdomo. Jembe baya huchosha mikono. Jioni unaliweka chini, kesho unaazima la jirani. Mbegu haina kesho ya namna hiyo. Ikishaingia ardhini imekwisha kuamua sehemu kubwa ya mavuno, na ikiwa imebeba ugonjwa, imeamua pia hatima ya shamba hilo kwa misimu mingi ijayo. Hoja yangu ni kwamba magonjwa ya pamba nchini mwetu, na hasa mnyauko fuzari, hayatokani na upungufu wa elimu ya mkulima peke yake. Yanatokana na mpangilio wa mamlaka: nani anachagua mbegu, nani anajua ilikotoka, na nani analipa inapoharibu. Kwa sasa mkulima hana sauti katika swali la kwanza, hana taarifa katika la pili, na katika la tatu yuko peke yake.

Zao lisilomwachia mwenyewe mbegu

Mkulima wa mahindi, hata awe maskini kiasi gani, anaweza kuchagua magunzi yake mazuri, akayatundika juu ya moshi wa jikoni na kuyapanda mwakani. Mkulima wa pamba hana uhuru huo. Anachouza ni pamba mbegu, yaani nyuzi zikiwa bado zimeshikamana na mbegu zake. Takribani theluthi moja ya uzito anaoupeleka kwenye mizani ni nyuzi. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni mbegu. Siku anapouza mavuno yake, ameuza na mbegu yake ya mwakani.

Kiwandani nyuzi hufungwa marobota, na mbegu hugawanyika njia mbili. Nyingi huenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Sehemu ndogo hutengwa na kurudi vijijini kama mbegu ya kupanda. Lakini mashine ya kuchambua pamba haijui mipaka ya vijiji. Pamba ya shamba zima na ya shamba gonjwa, ya Kwimba na ya Maswa, zikishaingia katika lundo moja hutoka zikiwa mbegu moja. Kwa mwenye kiwanda hilo si kosa la makusudi. Bidhaa yake ni nyuzi, na mbegu kwake ni zao la pembeni. Kwa mkulima, hilo zao la pembeni ndilo msingi wa maisha.

Kwa miaka mingi gharama ya mbegu na viuadudu imekatwa katika bei ya pamba anayouza mkulima. Mtu anayelipia kitu huitwa mteja, na mteja huuliza, hupima, hukataa. Huyu wetu amelipia bila kuuliza, na zaidi ya hapo ameambiwa ashukuru. Wahenga wamesema apandacho mtu ndicho avunacho. Katika pamba inatupasa tuulize kwanza: nani hasa aliyepanda?

Ugonjwa unaosafiri kwa gunia

Wapo watakaosema kwamba siasa imeingizwa katika jambo la kibiolojia. Basi tuitazame biolojia yenyewe.

Mnyauko fuzari huletwa na kuvu aishiye udongoni. Huingia kupitia mizizi, hupanda ndani ya mishipa inayosafirisha maji, na kuiziba. Majani huanza kuwa manjano kutoka pembezoni, mmea hudumaa na kunyauka hata kama juzi mvua ilinyesha. Ukilikata shina utaona mduara wa kahawia ndani yake. Hiyo ndiyo alama isiyodanganya. Mmea ukifa, kuvu hafi naye. Hubaki udongoni katika viini vyenye ganda gumu, akiweza kusubiri miaka mingi bila pamba yoyote kupandwa. Zaidi ya hayo ana mshirika: minyoo fundo, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutoboa mizizi na kuacha vinundu. Pale walipo, mnyauko huwa mkali maradufu, na wanapenda udongo mwepesi wa kichanga. Msukuma anaujua udongo huo kwa jina lake, luseni, na hauchanganyi na mbuga, ule mweusi mzito wa bondeni. Gunia la mbegu halijui tofauti hiyo.

Kuvu huyu hasafiri mbali kwa nguvu zake. Shamba kwa shamba husafirishwa na maji ya mvua, jembe la kukokotwa na udongo uliogandamana kwenye kwato. Lakini ili atoke wilaya moja hadi nyingine anahitaji gari, na gari lake kuu ni mbegu. Ndiyo maana nasema ramani ya mnyauko si ramani ya uzembe wa wakulima. Ni ramani ya njia za malori.

Hapa lugha yetu nayo imetuponza. Tunaiita dawa kila kinachotoka kwenye bomba la kunyunyizia. Kwa funza wa vitumba au vidukari, kinyunyizio chaweza kusaidia. Kwa mnyauko fuzari hakuna cha kunyunyiza shambani kitakachouponya mmea. Lakini kwa kuwa tumekwisha kuviita viuadudu dawa, mkulima mwenye pamba inayonyauka anakwenda kutafuta dawa, anauziwa, ananyunyiza, na pamba inaendelea kufa. Kisha anaambiwa hakufuata maelekezo. Kinga halisi ya ugonjwa huu ni mbili, na zote ziko ndani ya gunia: aina ya mbegu yenye ukinzani, na mbegu safi iliyotoka katika eneo lisilo na ugonjwa. Mengine yote, kama vile kung'oa na kuchoma mimea iliyougua, kusafisha jembe kabla ya kuhamia shamba jingine, au kubadilisha pamba na karanga ili kupunguza minyoo fundo, yana manufaa, lakini ni ya kusaidia tu.

Historia ya ukuta uliobomolewa

Haikuwa hivi siku zote. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kimezalisha aina za pamba tangu zama za ukoloni. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 adui wakubwa walikuwa wawili: chawajani, mdudu anayefyonza majani, na ugonjwa wa bakteria unaoacha madoa yenye pembe kwenye majani, unaousha shina kwa weusi na kuozesha vitumba. Watafiti walipambana nao kwa kuchagua mimea. Waliichukua pamba yenye majani ya manyoya, ambayo chawajani hushindwa kuishambulia, wakaichanganya na pamba yenye ukinzani dhidi ya bakteria. Kizazi hadi kizazi zikatoka aina zenye herufi UK, kwa heshima ya Ukiriguru. Mnyauko fuzari ulipojitokeza Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950, uliongezwa katika orodha ya mitihani ambayo kila aina mpya ilipaswa kuifaulu. Leo wengi wetu hatujawahi kuusikia ugonjwa ule wa bakteria ukitajwa kama janga. Tumesahau kwamba ushindi huo haukuletwa na bomba la dawa. Uliletwa na uchaguzi wa mbegu uliogharimiwa kwa fedha za umma.

Aina nzuri peke yake haikutosha. Palikuwa pia na utaratibu wa kanda. Mbegu mpya kutoka kituoni ilizalishwa kwanza katika eneo dogo lililotengwa, msimu uliofuata ikapelekwa eneo kubwa zaidi, na kadiri ilivyosonga ndivyo mbegu ya zamani ilivyosukumwa mbele hadi ikaishia kwenye mitambo ya mafuta. Kila kiwanda kilikuwa na eneo lake, na pamba haikuruhusiwa kuvuka ovyo. Katika miaka ya 1980 aina mbili, UK77 na UK82, ziligawiwa kwa maeneo tofauti. Ulikuwa ukuta usioonekana, lakini ulikuwa ukuta.

Sitaki nieleweke kwamba naililia zamani. Pamba iliingia nchini kwa mkono wa mabavu. Mwezi Julai 1905, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi walianza vita ya Maji Maji kwa kung'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima. Utafiti wa kikoloni nao haukuwa sadaka. Shirika la Uingereza la kuendeleza pamba katika himaya yake, lililopewa hati ya kifalme mwaka 1921, lilikuwa na viwanda vya Lancashire akilini kuliko watoto wa Shinyanga. Na baada ya Uhuru, ushirika ulioanza kwa fahari chini ya Paul Bomani na wenzake, ukaunda shirikisho la vyama vya Victoria mwaka 1955, uliishia kuwa mzigo: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na mkulima akazoea kukopwa pamba yake na kulipwa kwa kuchelewa. Biashara ya pamba ilipofunguliwa mwaka 1994, wakulima walikuwa na sababu ya kufurahi. Walilipwa taslimu, na wanunuzi wakagombania pamba yao.

Lakini hakuna aliyewaambia bei kamili ya furaha hiyo. Viwanda vipya vilinunua popote, malori yakavuka kanda zote, na utaratibu wa mbegu uliojengwa kwa miongo ukasambaratika katika misimu michache. Mbegu zikachanganyika, na kuvu akapata usafiri wa bure. Aina moja, UK91, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikatawala karibu kanda nzima ya magharibi, inayotoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya taifa, kwa takribani miongo miwili kabla ya UKM08 kuanza kuchukua nafasi yake. Soko lilipewa uhuru wa kununua pamba. Hakuna aliyepewa wajibu wa kuilinda mbegu kwa nguvu ileile.

Sheria inayouma upande mmoja

Tazameni sasa namna sheria inavyogawa maumivu. Mkulima anatakiwa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ifikapo Septemba 15. Siipingi kanuni hiyo. Inamnyima chakula funza mwekundu, na inapunguza viini vya magonjwa vinavyobaki shambani. Mkulima asiyeitii huonekana na kila mpita njia. Mashina yamesimama, ushahidi uko wima, faini inamsubiri.

Je, aliyeleta mbegu gonjwa? Tunayo Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na tunayo TOSCI, taasisi ya kuthibiti ubora wa mbegu. Kwenye karatasi, mkulima analindwa. Lakini mbegu isiyoota huonekana ndani ya wiki mbili, ilhali mnyauko huweza kujitokeza baada ya miezi. Kufikia hapo gunia limekwisha kutumika kubebea mkaa, mbegu iliyobaki imetupwa, na karatasi ya mapokezi, kama ilikuwapo, haitaji ilikotoka. Mkulima wa Meatu ataenda na ushahidi gani? Sheria inayodai ushahidi ambao mwathirika hawezi kamwe kuupata haimlindi. Inamlinda mshtakiwa.

Tusiwasahau pia wanaomwagia pamba maji na kuichanganya na mchanga ili iongezeke uzito. Ni dhambi, na wakulima wanaoifanya hawana utetezi, kama wasivyokuwa nao wenye mizani iliyochezewa ambayo mara nyingi ndiyo kisingizio chao. Lakini tuone inakoishia: pamba iliyolowa huchemka ndani ya lundo, kiini cha mbegu hufa, na mchanga wa shamba gonjwa hupelekwa kiwandani pamoja na mavuno. Udanganyifu wa mizani unarudi msimu unaofuata ukiwa mashimo matupu shambani. Tunaibiana leo na kupandiana kesho.

Majibu matatu ya haraka

Jibu la kwanza ninalolisikia ni kwamba mbegu zisizo na manyoya, zilizosafishwa kwa tindikali, zitamaliza tatizo. Zinasaidia kweli. Tindikali huondoa vimelea vya nje, vikiwamo vya ugonjwa wa bakteria, na mbegu nyepesi mbovu huweza kutenganishwa. Lakini vimelea vilivyojificha ndani ya mbegu haviondoki kwa kunyolewa, na mbegu iliyotoka shamba gonjwa haigeuki kuwa na ukoo mwingine kwa kuvuliwa manyoya. Usafishaji bila kujua asili ni kuosha kikombe bila kuuliza maji yametoka wapi.

Jibu la pili ni teknolojia ya kubadili vinasaba. Burkina Faso ilianza kuipanda pamba hiyo kibiashara mwaka 2008. Ilikuwa na kinga dhidi ya funza, na kunyunyizia kulipungua. Lakini urefu wa nyuzi, sifa iliyoipa pamba ya nchi hiyo bei nzuri sokoni, ulishuka. Makampuni ya pamba yakadai fidia, na kufikia mwaka 2016 nchi ilikuwa inarudi kwenye aina zake za kawaida. Sitoi hapa hukumu juu ya teknolojia yote. Natoa mafunzo mawili. La kwanza, kinga dhidi ya mdudu si kinga dhidi ya kuvu. Shamba la luseni lenye fuzari halitaponywa na jini la kuzuia funza. La pili, aina ya mbegu hupimwa kwa jumla ya sifa zake katika udongo wake na soko lake, si kwa sifa moja inayong'aa kwenye kipeperushi.

Jibu la tatu ni kwamba soko litajisahihisha. Pamba yetu si chotara. Mbegu yake huweza kuzalishwa tena na yeyote aliye na kiwanda. Mfanyabiashara mwenye akili hatawekeza miaka kumi kutafuta aina yenye ukinzani ambayo mwenzake ataichambua na kuigawa msimu unaofuata. Hatulaumu biashara kwa kuwa biashara. Ndiyo sababu yenyewe ya kusema kwamba mbegu ya pamba ni mali ya umma, kama kisima cha kijiji, na kisima kisicho na mlinzi hunajisiwa.

Tunachodai

Lawama bila madai ni umbea wa wasomi. Nataja matano.

Mosi, kila gunia la mbegu libebe maandishi yanayosomeka kwa Kiswahili: aina, msimu na wilaya ilikozalishwa, kiwango cha uotaji kilichopimwa, na iwapo wilaya hiyo ina mnyauko.

Pili, itengenezwe ramani ya wazi ya mnyauko fuzari hadi ngazi ya kijiji, ibandikwe katika kila ofisi ya AMCOS. Kwa msingi wa ramani hiyo utaratibu wa kanda urudishwe. Igunga, mkoani Tabora, tayari imetumika kama eneo la kuzalishia mbegu. Maeneo ya namna hiyo yalindwe kwa ukali uleule tunaoutumia kwa masalia ya Septemba.

Tatu, katika kila shehena inayofika AMCOS itwaliwe sampuli, ifungwe kwa lakiri mbele ya wanachama, na ihifadhiwe hadi mavuno yaishe. Gharama yake ni bahasha na rafu. Faida yake ni kwamba kwa mara ya kwanza mkulima atakuwa na ushahidi.

Nne, sehemu maalumu ya makato ya pamba itengwe kisheria kwa ajili ya wazalishaji wa mbegu wa Ukiriguru na wenzao wa Ilonga, isiyoguswa na upungufu wa bajeti. Kuzalisha aina moja huchukua miaka mingi kuliko kipindi cha uongozi wa waziri yeyote. Haiwezi kutegemea huruma ya bajeti ya kila mwaka. Na wapewe jukumu la kutoa aina zaidi ya moja, ili anayelima luseni asilazimike kupanda sawa na anayelima mbuga.

Tano, wakulima wakae katika meza inayoidhinisha aina mpya, wakiwa na kura. Mwenye kiwanda anataka aina yenye nyuzi nyingi kwa kila kilo. Mwenye kusokota anataka nyuzi ndefu na imara. Mkulima anataka mmea utakaosimama hadi mavuno. Matakwa yote matatu ni halali, na mara nyingi hugongana. Ni yule wa tatu tu ambaye hadi leo hutafsiriwa na wengine.

Wanafunzi wangu wa kilimo, mtakapopelekwa vijijini, kateni shina kabla ya kukata hukumu. Wanaharakati, mnapodai bei nzuri ya pamba, daini na lebo ya gunia. Bei nzuri kwa mmea uliokufa ni sifuri. Nanyi watumishi wa umma, ambao najua wengi wenu mnasoma hapa kimyakimya, mnazo nyaraka za shehena, mnajua magari yalitoka wapi na yalishusha wapi. Ziwekeni wazi kabla mvua za Novemba hazijaanza, maana baada ya hapo mbegu itakuwa imekwisha kuingia ardhini, na ardhi haitoi risiti.